Mzinga katikati ya nyumba: tukubaliane kabla nyuki hawajaingia

Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo limeanza kuleta maneno kwenye avenyu zetu za Bukavu: nyuki wanaofugwa ndani ya parseli, katikati ya nyumba za watu.

Zamani mzinga ulikaa kijijini, mbali nyuma ya migomba. Leo vikundi vya wamama mjini navyo vinafuga, na sababu iko wazi. Asali haiozi upesi. Nyuki hawaombi chakula kila asubuhi kama nguruwe. Mama akiuza chupa chache, analipa feza ya shule ya mtoto. Tena nyuki wanasaidia maua ya avoka na ya maboga yazae vizuri. Kazi hii tunaipenda, na tunataka idumu.

Lakini hatari yake haikai kwa mwenyewe peke yake. Nguruwe wa jirani akitoroka, utamrudisha kwa fimbo. Nyuki wa jirani wakikasirika, hawaulizi ni nani aliyegusa mzinga.

Kwenye avenyu moja tunayoijua, mama mmoja mjane aliweka mizinga miwili nyuma ya jikoni. Miezi ya kwanza majirani walionja asali na kumsifu. Siku moja mtoto akarusha jiwe. Watoto wanne waliumwa, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa kamba walikufa hapo hapo. Jioni vijana walifika na esansi, wakitaka kuchoma mizinga pamoja na jikoni. Shefu wa avenyu akasimama mlangoni, akawazuia. Yule mama alilipa mbuzi kwa feza aliyoiweka kwa ajili ya shule, na mizinga ikatolewa usiku ule ule. Ukiuliza leo ni nani aliyekosa, kila mtu anamtaja mwingine. Ukiuliza walikuwa wamekubaliana nini siku mizinga ilipoingia, wote wananyamaza.

Sheria ya nchi inasema nini?

Wengi wanafikiri kwamba juu ya nyuki hakuna sheria kabisa, eti nyuki ni mdudu wa Mungu, anaruka anapotaka. Si hivyo. Kitabu cha tatu cha sheria za raia za nchi yetu, kinachotoka kwenye amri ya tarehe 30 Julai 1888, kina kifungu cha 261. Kinasema kwamba mwenye mnyama, au mtu anayemtumia, ndiye anayejibu hasara iliyoletwa na mnyama huyo, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Basi nyuki waliomo katika mzinga wako wana mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Kama mzinga ni wa kikundi, kikundi kizima kijue kwamba deni linaweza kukifikia.

Upande wa pili, kuchoma mali ya mtu ni kosa mbele ya sheria, hata kama mali hiyo imekuumiza. Jirani aliyeumwa ana njia: aende kwa shefu wa avenyu, kwa shefu wa kartye, kwenye komini, na mwisho kwenye tribinali. Petroli si njia.

Sheria hiyo inafika wakati mtoto amekwisha kuumwa. Inasema nani alipe. Kazi ya kuzuia ni yetu, sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta.

Nyuki wetu si nyuki wa Ulaya

Watu wengine wanasoma masharti ya nchi za mbali na kutaka kuyaleta hapa kama yalivyo. Ufaransa, kwa mfano, mzinga uliozungukwa na ukuta au ua usio na nafasi, wenye urefu wa mita 2 kwenda juu na unaopita mzinga kwa mita 2 kila upande, hauombwi tena umbali fulani kutoka kwa jirani. Maana yake ni nzuri: nyuki akikuta ukuta anapanda juu, na anapita juu ya vichwa vya watu.

Lakini nyuki wa kwetu ni wakali zaidi. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alipeleka kwake malkia wa nyuki kutoka Afrika. Mwaka 1957 makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa kule, na ukali wao ukajulikana Amerika nzima mpaka watu wakawapa jina la nyuki wauaji. Hao ni ndugu za nyuki tunaowaweka nyuma ya jikoni. Wakisumbuliwa wanatoka wengi kwa mara moja, na wanaweza kumfuata mtu mita mia kadhaa. Ukuta wa mita 2 unasaidia siku za amani. Siku ya hasira hautoshi.

Masharti tunayopendekeza

La kwanza ni nafasi. Simama pale unapotaka kuweka mzinga, kisha utembee hatua 100 kila upande. Kama ndani ya hatua hizo unakuta mlango wa jirani, shule, kituo cha afya, kanisa, bomba la maji au njia ya watu wengi, mzinga usiwekwe hapo. Tunajua sharti hili ni gumu. Katika Kadutu, ambako nyumba zimepandana kama ngazi, karibu hakuna parseli itakayolitimiza. Pembeni mwa Bagira nafasi bado inapatikana. Mama asiye na nafasi asiache kazi: ajiunge na wenzake, waweke mizinga yao pamoja kwenye shamba la mmoja wao nje ya mji, kwa mfano upande wa Kabare, na walipe mlinzi kwa sehemu ya asali.

La pili ni ruhusa. Kabla mzinga haujaingia, mwenyewe apite kwa kila jirani anayepakana naye. Aulize kama nyumbani kuna mtu ambaye mwili wake unavimba sana akiumwa na nyuki. Akikuta mtu wa namna hiyo, mzinga utafutiwe mahali pengine. Feza ya asali haipimwi na pumzi ya mtu.

La tatu ni ua na mlango wa mzinga. Mlango utazame upande usio na watu, na mbele yake pawe na ua mrefu, wa miti au wa mabanzi, wenye mita 2 au zaidi. Ua huo unazuia pia mawe ya watoto. Sisi walimu tunajua: mtoto akikatazwa kitu bila kuelezwa, anarudi kukijaribu. Mwelezeni mtoto wazi kwamba ndani ya mzinga kuna maelfu na maelfu ya nyuki, na kwamba jiwe moja linawaamsha wote.

La nne ni maji. Nyuki wanakunywa. Usipowapa maji, watakwenda kwenye ndoo ya jirani anayefua nguo. Weka beseni karibu na mzinga, utie mawe au vijiti ndani yake ili wasizame, na ujaze kila siku wakati wa kiangazi.

La tano ni wanyama na kelele. Mbuzi asifungwe kamba karibu na mzinga, na kuku wasifungiwe hapo. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia. Jenereta na mashine ya kusaga viwe mbali, kwa kuwa mtikisiko unawasumbua nyuki.

La sita ni saa ya kuvuna. Mzinga ufunguliwe jioni, giza linapoingia na watoto wamekwisha kuingia ndani, kamwe si mchana. Majirani wajulishwe tangu jana yake. Mvunaji awe na moshi, nguo nyeupe zinazofunika mwili wote, na mtu wa pili wa kumsaidia. Kesho yake asubuhi watoto wasicheze karibu, kwa sababu nyuki wanaweza kuwa bado na hasira.

La saba ni sanduku la hasara. Kwa kila chupa inayouzwa, kikundi kitoe kidogo na kukiweka kando kwa ajili ya dawa au mbuzi wa jirani. Vikundi vyetu vinajua kuweka akiba na kukopeshana. Hii ni akiba kama nyingine. Kama yule mama mjane angekuwa na sanduku hilo, mtoto wake asingekosa feza ya shule.

Haya yaandikwe kwenye karatasi moja. Mwenye mizinga atie sahihi, majirani watie sahihi, shefu wa avenyu abaki na nakala. Makubaliano hayo si sheria ya komini, kwa hiyo ni vizuri pia kupita kwenye ofisi ya komini, kwa wale wa kilimo na ufugaji, wajue mizinga iko wapi. Siku ya maneno, karatasi itasema mahali pa hasira.

Siku nyuki wakitoka

Mtu akishambuliwa, afunike uso, akimbie moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba, na mlango ufungwe. Asisimame kuwapigapiga. Mwiba ukiingia unatoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo inawaita nyuki wengine. Mwiba uondolewe upesi, hata kwa kuparua na ukucha, kisha mahali pale paoshwe kwa maji na sabuni. Kama midomo au koo vinavimba, kama mtu anapumua kwa shida, anatapika au anazimia, kama ameumwa ndani ya mdomo, au kama miiba ni mingi, kituo cha afya mara moja. Msingoje dawa ya majani.

Mkiona kundi la nyuki limening'inia kwenye mti, msilirushie jiwe wala moto. Mara nyingi linatafuta tu makao, na limetulia. Ondoeni watoto, muite mfugaji.

Na jirani akiwaletea asali kama shukrani, ipokeeni kwa furaha, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asionjeshwe hata kidogo. Asali inaweza kubeba viini vinavyomletea mtoto mchanga ugonjwa mkali wa kulegea mwili.

Kikundi ambacho kina mizinga, au kinachowaza kuianza, kisome masharti haya saba kwenye mkutano wa siku ya posho, kiongeze yake, kipunguze yasiyofaa, kisha kituletee karatasi yake. Tutaiweka hapa ili avenyu nyingine zijifunze. Juma lijalo tutaongea juu ya maji machafu yanayoshuka toka parseli ya juu kwenda parseli ya chini, jambo lingine linalogombanisha majirani. Mbaki na amani.