Mnaomcheka Hasheem Thabeet, Mnamjua Lakini?

Kuna staa mmoja wa mjini, jina tunalo. Kila Machi anatinga jezi ya chuo cha Marekani halafu anaposti kwamba Hasheem Thabeet alichezea bahati. Hoja yake ni moja tu: mwaka 2009 Thabeet alichaguliwa wa 2 kuingia NBA, Harden wa 3, Curry wa 7. Haya, sawa.

Mbona sehemu tamu anairuka? Msimu huohuo Mbongo mwenzetu, aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15, aligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo. Kwenye mashindano ya ubingwa wake, pale Madison Square Garden, UConn yake ilikimbizana na Syracuse hadi nyongeza sita. SITA! Wakafa 127-117, kule usiku wa manane, huku Mpanda watu washakunywa chai.

Kinachoniuma ni dogo mrefu wa Mpanda anayesoma hizo kejeli. Mtaani tayari anaitwa mlingoti, shuleni anasukumiwa golini. Na wewe staa, umewahi kuleta Katavi hata mpira mmoja wa kikapu? Treni ya Mpanda ipo, panda.