Babu wa Goa na babu wa Isiolo

Kila wiki lazima nipate huu ujumbe: "Dada, hiyo pasipoti ya Ureno ni ukweli ama tunachezwa?" Mmeziona hizo video. Kijana ako Lisbon, ameshika kijitabu chekundu, anasema alikipata kwa sababu ya babu. Chini yake watu wamejaa wakiuliza namba ya wakili.

Ni ukweli. Lakini pengine si wako, na nitakuambia ni wa nani, halafu nikuambie kwa nini nikitazama hizo video nimekaa hapa Bula Pesa huwa nashikwa na hasira badala ya tamaa.

Goa ni sehemu ya pwani ya magharibi ya India. Ureno iliitawala kuanzia 1510 mpaka Desemba 1961, India ilipoingiza jeshi ikaichukua kwa siku mbili. Ureno ilinuna, ikakataa kukubali mpaka serikali yao ya kidikteta ilipoanguka 1974. Kwa hivyo mpaka leo, mtu aliyezaliwa Goa kabla ya tarehe 19 Desemba 1961 anahesabiwa na Ureno kwamba alizaliwa kwenye ardhi yao, na anaweza kudai uraia. Akishaandikishwa yeye, mtoto wake anadai kama mtoto wa Mreno. Kisha mjukuu naye anafuata.

Na hao watu wako hapa Kenya. Wagoa walikuja wakati wa mkoloni kufanya kazi za ukarani, reli, ushonaji na upishi. Pio Gama Pinto, yule aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, alikuwa Mgoa aliyezaliwa Nairobi. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Kwa hivyo ukiskia familia ya Kenya yenye jina la de Souza ama Fernandes inatafuta karatasi Lisbon, usidhani wamerukwa na akili. Wana haki ya kutafuta.

Sasa kilichonifanya niandike ni namna wanavyoitafuta. Unatoa cheti cha kuzaliwa cha babu kutoka kwa masijala ya Goa. Unatoa cha ndoa yake. Unapeleka kwa msajili Lisbon, babu ama mzazi anaandikishwa kwanza, halafu wewe. Majina yakipishana herufi moja, utateseka. Inachukua muda, inakula pesa, na kuna mawakili wanaokamua watu. Sitawadanganya kwamba ni mteremko.

Lakini angalia swali lenyewe. Wanauliza karatasi. Ukifuata huo mnyororo wa mzazi, hakuna anayekuuliza Kireno unakijua kiasi gani, wala wazee watano hawaketi chini ya mti wakikuangalia pua. Nchi iliyofukuzwa Goa zaidi ya miaka 60 iliyopita inasoma cheti cha mtu aliyekufa na inasema, sawa, huyu ni wetu.

Njoo Isiolo.

Kabla sijaendelea, wacha nitaje Katiba, ju wengi wanafikiri uraia wa damu ni kitu cha Wazungu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa, mama yako ama baba yako alikuwa raia. Mmoja anatosha. Hata kama ulizaliwa Dubai. Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupata kitambulisho na pasipoti. Kwa maandishi, sisi ni rahisi kuliko Ureno. Mzazi mmoja, mwisho wa hesabu.

Babu yake baba yangu alitoka upande wa Berbera, akiwa Mwisaak, akapigania Waingereza katika King's African Rifles kwenye vita vya kwanza vya dunia. Baada ya vita wanajeshi kama yeye waliruhusiwa kukaa Isiolo na mifugo yao. Ndio maana mji huu una Wasomali ambao hawajui njia ya Mogadishu, wakiishi na Waborana, Waturkana, Wameru, Wasamburu na Wasakuye. Ukiskia mtu akisema "Wasomali wa Isiolo walikuja juzi", muulize juzi yake ni mwaka gani.

Hapa kuna utani mchungu wa historia. Wakati huo Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande kwenye kijisanduku cha bati shingoni. Wazee wetu hawakutaka. Walitumia sheria ya mwaka 1919 iliyowaondoa Wasomali kwenye kundi la "wenyeji" kwa mambo kadhaa. Mwaka 1936 serikali ilipoweka kodi ya shilingi 30 kwa Wahindi na 20 kwa kundi walilowekwa wao, waligoma. Si kwamba 20 ilikuwa nyingi. Walitaka kulipa 30, wahesabiwe sawa na Wahindi! Waliandika barua mpaka London. Kuna watu hunitumia hiyo historia kwenye komenti kama kisu: "Si nyinyi ndio mlikataa kuwa Waafrika?" Ndiyo, waliokataa ni wale wazee, chini ya serikali iliyogawa watu kwa rangi na kumpa kila mmoja bei yake. Mimi sijakataa chochote. Na ona sasa: mtaani kitambulisho tunakiita bado kipande. Mzee alikikimbia, kitukuu chake anakililia.

Uhuru ulipokuja, sheria ilisema ukiwa umezaliwa Kenya na mzazi wako mmoja pia amezaliwa Kenya, unakuwa raia papo hapo tarehe 12 Desemba 1963. Kama wewe umezaliwa hapa lakini wazazi wako wote wawili walizaliwa kwingine, ulipewa miaka miwili uombe kuandikishwa. Babu yangu alizaliwa Isiolo lakini wazazi wake hawakuzaliwa Kenya. Basi akaenda, akaomba, akaandikishwa 1964. Karatasi iko. Ayeeyo ameiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi ya waridi ya 1989.

Hiyo kadi ya waridi vijana wengi wa Nairobi hawaijui. Mwishoni mwa 1989 serikali iliamuru kila Msomali wa Kenya mwenye miaka kuanzia 18 ajitokeze athibitishe kuwa Mkenya. Msomali peke yake. Aliyepita alipewa kadi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho chake. Yaani kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho.

Basi nilipofika 18 nilienda kuomba changu nikiwa na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama, cha baba, na nakala za hiyo bahasha. Nilidhani nimeiva. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, karatasi ya 1964 iliangaliwa mbele na nyuma, nikaambiwa "hii ni ya zamani sana", niende kwa kamati nipigwe msasa.

Nimewahi kufikiria hilo neno. Msasa ni ule wa fundi seremala, wa kusugua mbao. Mbao ikisuguliwa inakuwa laini. Mimi niliulizwa ukoo, ukoo mdogo, jina la kisima ambacho mababu walinyweshea, na kama nina ndugu ng'ambo. Mwaka huohuo rafiki yangu wa darasa, Mmeru wa pale Kiwanjani, alipeleka cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akapata kipande chake ndani ya wiki chache. Tulizaliwa hospitali moja. Changu kilikuja baada ya miezi 14.

Miezi 14 si kitu ukiiandika. Ishi nayo. Mkopo wa masomo ulitaka namba ya kitambulisho, nikaanza chuo na deni ambalo halikushikika, nikatoka mwaka wa pili. (Sisemi kitambulisho pekee ndicho kilinitoa, ada ilikuwa na mambo yake.) Nilipoanza kutengeneza video, laini yangu ya M-Pesa ilikuwa kwa jina la mama, kwa hivyo pesa yangu ya kwanza ya tangazo iliingia kwake na ikageuka unga kabla sijaiona. Usiku ukitoka mjini, kwenye kizuizi cha polisi unashushwa kwenye matatu. Ndio maana watu wa huku wakisafiri kusini husema "naenda Kenya". Wageni hucheka.

Sasa kuna hoja ya usalama, na sitaikwepa. Mtu ataniambia tuna mpaka mrefu na Somalia, tumepata Westgate, tumepata Garissa, lazima watu wachunguzwe. Sawa. Kwanza Isiolo haigusi mpaka wa nchi yoyote, fungua ramani. Pili, uchunguzi wa kweli ungeanza na karatasi na alama za vidole, vitu ambavyo mtu hawezi kubishana navyo. Kamati ya wazee inajua nani ni mtoto wa nani, lakini pia inajua nani wamekosana naye, nani hakuwapigia kura, na nani ana kitu mfukoni. Mhalifu mwenye pesa hilo dirisha analipita asubuhi. Msichana wa Merti ambaye baba yake alikufa bila kitambulisho analala nje yake.

Februari 2025 Rais Ruto alitia saini tangazo akiwa Wajir la kuondoa huo msasa wa ziada kwa kaunti za huku. Nilishangilia kama kila mtu, niliweka hata wimbo. Lakini tangazo likiondoa kamati, bado linakuacha na shida ambayo Wagoa hawana, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Goa kulikuwa na masijala. Mkoloni wa Kireno aliandika nani kazaliwa lini, na kanisa likaandika pia. Huku kaskazini Mwingereza aliandika hesabu ya ng'ombe. Familia za wafugaji zilizaa porini, hakuna aliyekuja na daftari. Halafu kikaja kipindi ambacho Waborana wanakiita gaf daba, wakati wa vita vya Shifta, watu wakakusanywa kambini Garba Tula na Merti, mifugo ikaisha, na kilichokuwa kwenye masanduku kikapotea. Hali ya hatari huku haikuondolewa mpaka 1991. Unamuuliza mzee wa hapo cheti cha kuzaliwa cha baba yake? Ukisema "leta karatasi kama Ureno" bila kukubali hiyo historia, umewafungia nje Wasakuye na Waborana wengi kuliko hata sisi Waisaak tuliokuwa na wazee wa kupenda kuandika barua.

Kwa hivyo mimi sitaki tu msasa uondoke. Nataka karatasi za aina nyingine zikubalike, na orodha yake ibandikwe ukutani: cheti cha kuachishwa jeshi, risiti ya kodi ya zamani, kadi ya kliniki, rejista ya shule, kitambulisho cha mjomba pamoja na kiapo. Mzazi mmoja mwenye kitambulisho atoshe, kama Kifungu cha 14 kinavyosema, bila kupanda mpaka kwa babu. Na ukinyimwa, unyimwe kwa maandishi. Hii tayari ni haki yako: Kifungu cha 47, na sheria ya 2015 ya hatua za haki za kiutawala. Ofisi ikikataa ombi lako, una haki ya kupewa sababu zilizoandikwa. "Rudi wiki ijayo" haina sahihi ya mtu, huwezi kuipeleka mahakamani.

Na mambo haya yakipelekwa mahali yanasikika. Wanubi, ambao pia mababu zao waliletwa kama askari wa Mwingereza, walipeleka kesi ya watoto wao kwa kamati ya Afrika ya haki za mtoto. Mwaka 2011 kamati ikasema Kenya imewakosea kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia.

Wale mnaoniuliza Ureno: kama una nyanya aliyezaliwa Goa, nenda, na usiogope, tangu 2010 Kenya haikunyang'anyi uraia wa kuzaliwa kwa kuchukua wa pili. Kama huna, usimlipe mtu yeyote anayekuahidi "ukoo wa Kireno" kwa sababu eti Fort Jesus ilijengwa na Wareno. Wametuachia meza, bendera na gereza. Pasipoti hawakuacha.

Wengine wote, wikendi hii mkiwa nyumbani, ombeni bahasha. Kila nyumba ya huku iko nayo, chini ya godoro ama ndani ya sanduku la bati. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma, ujitumie kwa barua pepe, na muulize ayeeyo wako kila moja ilitoka wapi angali anakumbuka. Kisha niandikie hapa chini ni karatasi gani ulipeleka ikakataliwa, na uliambiwa nini. Majina ya watu usiweke. Nataka tu aina ya karatasi, mwaka, na ulikaa miezi mingapi. Nikizikusanya za kutosha nitazichapisha nizipeleke mwenyewe kwa Tume ya Haki za Binadamu.