Pikapu ya Tela na ya Kila Siku

Wanachama wenzetu, mwaka wa karafuu ukiitikia, wengi wetu hutamani gari la nguvu. Rai yetu ni hii: tusinunue gari kwa sifa ya injini, tutazame kwanza breki.

Pikapu nyingi za siku hizi za kubeba tani moja huruhusiwa kuvuta hata kilo 3,500, lakini ni kwa tela lenye breki zake lenyewe. Lisilo na breki, kwa kawaida mwisho wake ni kilo 750. Kupanda mlima si tabu. Tabu ni kuteremka, njia imerowa, magunia yanasukuma nyuma na wachumaji wamekaa juu yake. Wasikae.

Tena msimu ni miezi michache. Iliyobaki, gari hilo hilo hupeleka watoto skuli na mihogo sokoni, na gari kubwa hula mafuta hata likiwa tupu. Yafaa basi pikapu ya dizeli ya kiasi na tela dogo lenye breki. Siku ya mzigo mkubwa tushirikiane kukodi lori.

Karafuu zikimwagika huzoleka. Roho ya mtu haizoleki.