Wito kwa Kyebando: Anayepiga Hodi Aitikiwe

Ndugu zangu wa Kyebando hapa Kampala, kuanzia Kisalosalo hadi Nsooba,

Nawaandikia kwa ajili ya vijana wetu waliokwisha kufanya usaili wa nafasi za mafunzo kazini na sasa wanangoja jibu. Mnawafahamu. Wapo wanaosoma Makerere, Kyambogo na vyuo vya ufundi, na wapo waliokwisha kuhitimu wanaotafuta pa kuanzia. Walipiga pasi shati, wakachapisha barua Wandegeya, wakaenda ofisini, wakaulizwa maswali, wakajibu. Mwisho wakaambiwa, "Tutakupigia." Tangu hapo simu haijalia, na kila mama akiuliza, kijana anatazama chini.

Ombi langu lina pande mbili. Kijana aliyesailiwa aulizie jibu lake kwa adabu. Na ofisi iliyomsaili imjibu, hata kama jibu lenyewe ni hapana.

Atasema mtu: hayo ni ya kijana na ofisi yake, mtaa unahusikaje? Unahusika sana. Kwa mwanafunzi wa chuo, mafunzo kazini ni sehemu ya masomo: yana alama, yana daftari la kuandika kazi za kila siku, yana mwalimu anayekuja kumkagua. Kwa kawaida chuo hutenga wiki chache tu za likizo ndefu kwa shughuli hiyo. Anayekaa mwezi mzima akiingojea ofisi moja isiyosema kitu huziacha nyingine mbili zimpite, na msimu ukiisha masomo yanasogea mbele bila yeye. Mzazi naye ameweka kando nauli ya teksi ya kutoka Kalerwe hadi mjini, hajui aitumie au aendelee kuishika. Na wenye ofisi nao wamo humu humu mtaani: wenye zahanati, shule, karakana, maduka ya dawa, na mashirika yaliyopanga nyumba za kawaida nyuma ya mageti. Anayengoja ni mtoto wa jirani, na aliyenyamaza naye ni jirani.

Wala kungoja huku hakumchagui mtu. Mwaka 2023 wahitimu wa udaktari nchini Uganda walikaa miezi wakisubiri kupangiwa hospitali za kufanyia mazoezi yao ya mwaka mmoja, mpaka wakapaza sauti kwa pamoja. Ikiwa daktari mtarajiwa anaweza kuachwa hivyo, sembuse mwanafunzi wa uhasibu aliye peke yake na simu yake?

Nianze na ninyi vijana.

Najua kinachowazuia. Mnaogopa kuonekana wasumbufu. Mmelelewa kwamba mkubwa hasukumwi, na malezi hayo ni mema. Lakini malezi hayo hayo ndiyo yaliyotufundisha kupiga hodi. Desturi ya pwani, na ya Waislamu popote walipo, ni hodi tatu: unabisha, unangoja, unabisha tena, unangoja, unabisha mara ya tatu, na usipoitikiwa unarudi zako bila kinyongo. Hakuna anayemwita mpiga hodi msumbufu. Msumbufu ni yule anayeingia bila hodi, au anayeshinda mlangoni. Basi liulizieni jibu lenu kwa hodi tatu.

Hodi ya kwanza ni ya shukrani. Kabla hujaaga kwenye usaili, uliza: "Naomba kujua, nitegemee jibu lini, na nikitaka kuulizia nimpigie nani?" Ukishatoka getini, kabla hujapanda boda, andika kwenye simu yako jina na cheo cha aliyekusaili, jambo moja alilokueleza kuhusu kazi yao, na siku waliyoahidi. Kesho yake tuma shukrani fupi. Siku hiyo usiombe kitu.

Hodi ya pili ni ya kuulizia. Iache siku waliyoahidi ipite, ongeza siku mbili tatu za kazi, kisha andika. Kama hawakutaja siku, wiki mbili zinatosha. Chagua katikati ya wiki, asubuhi watu wakishatulia. Jumatatu mapema wako mkutanoni. Ijumaa mchana wengine wako msikitini, na wengine akili imeshafika nyumbani. Unaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, Madamu. Mimi ni yule mwanafunzi wa uhasibu mliyemsaili Jumanne tarehe 12 Mei kwa nafasi ya mafunzo. Nashukuru tena kwa muda wenu, na kwa kunieleza jinsi mnavyotunza hesabu za miradi. Mlisema jibu lingetoka baada ya wiki mbili. Naomba kujua kama mmeshaamua, au kama kuna karatasi yangu iliyopungua. Bado naipenda nafasi hii. Asante." Chini yake jina lako kamili na namba inayopatikana.

Ujumbe huo unamkumbusha msomaji wewe ni nani, maana amewasaili wengi. Unataja ahadi yake bila kumshitaki. Unamrahisishia kujibu, hata kwa neno moja. Na haukutaja kwamba kodi ya chumba imefika, wala kwamba nyumbani wanakutegemea wewe. Hayo ni ya kweli, ila humfanya mtu akuonee huruma, nawe unataka akuone mfanyakazi. Andika kwa lugha mliyozungumza siku ya usaili. Kama ilikuwa Kiingereza, kiwe Kiingereza. Kama ilikuwa Luganda, iwe Luganda.

Hodi ya tatu ni ya kuaga. Ipite wiki moja au zaidi, halafu sema: "Huenda nafasi imeshapata mtu. Nawashukuru, na mkiniruhusu nitaomba tena msimu ujao." Baada ya hapo nyamaza, na barua zako ziendelee kwenda kwingine, jambo ambalo hukupaswa kuliacha hata siku moja. Ukipata nafasi mahali pengine, waarifu na wale wa kwanza, wasije wakakushikia kiti ambacho mwenzako angekikalia.

Na yapo ya kuepuka. Usimbipu bosi. Usimtumie sauti ya dakika nne usiku wa manane. Usimwandikie, "Vipi bosi, ile ishu imefikia wapi?" Ukiona lazima uende mwenyewe, nenda mara moja, msalimie askari, andika jina lako kwenye kitabu cha wageni, mwulize sekretari, uondoke. Sekretari huyo na askari huyo wamewaona wengi waliopita pale, na wanakumbuka nani aliwaamkia na nani aliwapita kama nguzo. Akitokea mtu anayedai hela kidogo "ili jina lako litoke", usimpe. Jibu la usaili haliuzwi.

Nina neno pia kwa ndugu zangu mliokuja Kampala kama wakimbizi, hasa mliotoka Kongo, ambao huona kuulizia ni kujitafutia makuu ugenini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutafuta kazi na kuifanya. Ulizieni kama wengine.

Sasa nije kwenu wenye ofisi.

Najua barua mnazopokea ni nyingi kuliko viti mlivyo navyo. Hakuna anayetaka muwachukue wote. Ninachowaomba ni kwamba siku ya usaili mtaje tarehe ya jibu na mtu wa kuulizwa. Tarehe ikifika kabla hamjaamua, semeni hamjaamua. Na mkishaamua, msiishie kwa aliyepata. Wakumbukeni na mliowaacha. Maneno ya kuwaambia hayazidi haya: "Asante kwa kuja kwenye usaili. Safari hii nafasi imekwenda kwa mwingine. Karatasi zako unaweza kuzichukua getini. Tunakutakia heri." Hayafiki herufi 160, kwa hiyo yanaenea kwenye SMS moja, na mkishayaandika mara moja mtayatumia mwaka mzima.

Nina sababu ya kusema SMS. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tuingie kwenye mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Kijana anayenunua bando ya siku moja hawezi kukaa hewani wiki nzima akiichungulia WhatsApp au barua pepe. SMS humfikia hata bando ikiwa imekwisha, na simu ya dakika moja humfikia vizuri zaidi.

Wenzetu wengine wameshafika mahali pa kuliandika jambo hili katika sheria. Katika jimbo la Ontario, Kanada, tangu Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi aliyetangaza kazi hadharani analazimika kumwarifu kila aliyemsaili, ndani ya siku 45 baada ya usaili, kama uamuzi umefikiwa. Hapa Uganda mwajiri binafsi hana kamba kama hiyo shingoni. Kwa ofisi za serikali, hata hivyo, Ibara ya 41 ya Katiba inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inaipa ofisi siku 21 kujibu maombi yake. Sitamani tufike huko kwa sababu ya SMS moja. Natamani tu mwenye ofisi ya umma ajue kwamba kijana anayeulizia mlangoni pake hajavuka mpaka.

Tena mna faida yenu. Kijana aliyejibiwa vizuri, hata kwa kukataliwa, atawasifu kwa wenzake chuoni, na msimu ujao watakuja walio bora. Aliyetelekezwa naye atasema, na chuo kizima kitasikia. Halafu mwangalie anavyoulizia. Aliyetunza tarehe, akataja jambo mlilomweleza, akauliza bila kulalamika, amekwisha kuwaonyesha atakavyowaandikia wateja wenu. Huo ni usaili wa pili, na haukuwagharimu chochote.

Wazazi, walezi, nanyi mna sehemu yenu. Acheni kumwuliza kijana kila jioni, "Wamepiga?" Mwulizeni, "Umeandika?" Mpeni muda wa maongezi wa kupiga simu moja, na mumsikilize akijaribu maneno yake kabla hajapiga. Wenye vibanda vya kuchapa, mkimwona kijana ameandika barua kwa hasira, mwambieni aisome tena kabla ya kulipia. Na wenyeviti wa mtaa (LC1), ninyi mnaoandika barua za utambulisho za vijana hawa, mna nafasi ya kusema mbele ya wenye ofisi kwenye mikutano ya mtaa kwamba Kyebando kuna desturi: anayepiga hodi huitikiwa.

Muungwana ni vitendo, basi tuanze wiki hii. Kijana ambaye siku uliyoahidiwa imeshapita, andika Jumatano asubuhi. Mwenye ofisi, fungua orodha ya uliowasaili mwezi uliopita, na uanze na jina la chini kabisa, lile ambalo umeshalisahau.

Ni mimi jirani yenu.