Neno la Mhariri: Dai Dogo la Watu Wengi

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu vifungu vya usuluhishi katika mikataba ya simu, hoja moja imetufikia kuliko zote: kwamba usuluhishi ni jadi yetu. Wazee wetu, tunaambiwa, walikaa barazani wakamaliza mashauri bila wakili wala hakimu. Basi kampuni inayomtaka mteja apeleke mgogoro wake kwa msuluhishi badala ya mahakamani inafuata desturi njema. Makala moja yenye hoja hiyo tumeichapa, kwa sababu imeandikwa kwa ustadi. Siikubali, na nataka kusema kwa nini kabla msomaji hajaifikia.

Barazani hakuna aliyemkataza mtu kuja na jirani yake. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na ng'ombe wa tajiri alifika pamoja na wenzake ambao mahindi yao yameliwa na ng'ombe haohao. Shauri lilisikilizwa mbele ya watu, na uamuzi ulijulikana, ukatumika siku ng'ombe walipoingia shamba jingine. Kifungu cha mkataba wa simu wa Marekani kinaondoa yote hayo. Unakwenda peke yako, unasikilizwa faraghani, na ukishinda, ushindi wako haumsaidii mwenzako aliyekatwa fedha ileile kwa sababu ileile. Anayekiita kifungu hicho baraza anawakosea heshima wazee anaodai kuwaenzi.

Sina ugomvi na usuluhishi wenyewe. Sheria ya Usuluhishi ya Marekani ya mwaka 1925 ilikusudia hasa wafanyabiashara waliojadiliana masharti na kuelewana, na makala ya kwanza katika toleo hili inaieleza historia hiyo vizuri. Ugomvi wangu uko kwenye sentensi moja inayofuatana na kifungu hicho: ile inayomzuia mteja kuungana na wateja wengine. Mjadala mwingi unapotea kwa sababu watu wanabishana kuhusu mahali pa kudai, ilhali kinachoamua haki ni idadi ya wanaoruhusiwa kudai kwa pamoja.

Kesi ya AT&T Mobility dhidi ya Concepcion, ya wateja waliotozwa kodi kwa simu waliyoambiwa ni ya bure, sitaisimulia yote. Nitagusa sehemu moja tu ambayo watetezi wa kampuni wanaishika kama ngao. Mkataba ule, wanasema, ulikuwa mwema kwa mteja: kampuni ilibeba gharama za usuluhishi kwa dai lisilo la upuuzi, na kama msuluhishi angempa mteja zaidi ya kiasi cha mwisho ambacho kampuni ilikuwa tayari kulipa, mteja angepokea si chini ya dola 7,500 na ada ya wakili wake mara mbili. Ni kweli. Wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, watano dhidi ya wanne, waliutaja wema huo mwezi Aprili 2011 walipoifuta kanuni ya California iliyokuwa inawalinda wateja dhidi ya sentensi ninayoilalamikia.

Lakini wema ule unamfikia nani? Unamfikia mteja aliyegundua kwamba alitozwa dola 30.22 za kodi kwa simu aliyoambiwa ni ya bure, akaona kuwa huenda amedanganywa, akapata muda wa kuandika barua, akasubiri jibu, akaendelea mpaka kwa msuluhishi. Wachache wakifanya hivyo, kampuni yoyote inaweza kuwalipa vizuri na kuwaaga kwa heshima. Fedha iko kwa wale wasiodai, na haba na haba hujaza kibaba. Jaji Breyer, aliyewaandikia majaji wanne walioshindwa, aliuliza ni wakili gani mwenye akili timamu angeshika kesi kwa kutegemea ada inayotokana na dai la dola thelathini. Sijasikia jibu la kuridhisha hadi leo. Uchunguzi wa ofisi ya serikali ya Marekani ya kuwalinda walaji wa huduma za fedha, uliotolewa Machi 2015, ulionyesha kwamba saba kati ya kampuni nane kubwa za simu za mkononi nchini humo ziliweka vifungu vya usuluhishi, na kampuni hizo saba zilikuwa na asilimia 99.9 ya wateja wa zile nane. Kumwambia mteja wa namna hiyo kwamba alikuwa huru kukataa mkataba ni kumwambia akae bila simu.

Anayedhani kampuni zinapenda usuluhishi kwa sababu ni wa haraka na nafuu, atazame kilichotokea wateja walipoukubali. Mawakili walianza kukusanya maelfu ya madai na kuyafungua moja moja, kama mikataba inavyotaka. Amazon ilipokea madai yapatayo 75,000, kisha mwaka 2021 ikakiondoa kifungu chake na kuwaruhusu wateja kwenda mahakamani. Verizon ilichukua njia nyingine. Mkataba wake ulisema kwamba wateja wengi wakiwakilishwa na mawakili walewale, madai kumi yasikilizwe kwanza na mengine yangoje zamu. Wateja 2,712 walipolalamikia ada ya utawala iliyokuwa ikiongezwa kwenye bili zao za kila mwezi, jaji wa shirikisho wa Kaskazini mwa California alipiga hesabu mwaka 2022 akaona kwamba foleni hiyo ingechukua takriban miaka 156. Alikataa kuutekeleza mkataba. Baadaye Verizon, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola milioni 100 katika kesi ya pamoja huko New Jersey.

Najua jibu la haraka: katika kesi za pamoja mawakili hushiba na mteja huambulia makombo. Mgawo wa kila mteja wa Verizon ulikuwa mdogo, sikatai. Hata hivyo dola milioni 100 ni fedha ambayo kampuni inaihisi, na kampuni inayoihisi hufikiri mara mbili kabla ya kuongeza ada nyingine kwenye bili.

Jibu la pili ni kwamba kazi hiyo tuiachie mamlaka ya serikali, kwani yenyewe haifungwi na mkataba wa mteja. Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki AT&T mwaka 2014 kwa kuwapunguzia kasi wateja waliouziwa intaneti isiyo na kikomo. Kesi iliisha mwaka 2019 kwa dola milioni 60. Miaka mitano, kwa suala moja ambalo tume iliamua kulishughulikia. Yale ambayo haikuyachagua, nani aliyadai?

Sasa tuvuke mpaka. Machi 2011, wiki chache kabla ya Concepcion, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Seidel dhidi ya TELUS, nayo pia ya simu za mkononi, na kwa kura tano dhidi ya nne ikasema kwamba haki aliyopewa mlaji na sheria ya British Columbia kwenda mahakamani haiwezi kuondolewa na mkataba. Mwaka 2019, katika kesi ya Wellman, mahakama hiyohiyo iliwakatalia wateja wa biashara wa TELUS huko Ontario haki hiyo, kwa kuwa sheria ya jimbo hilo inawalinda walaji na haiwataji wafanyabiashara. Somo liko wazi: aliyeandikwa ndani ya sheria alipona, aliyeachwa nje alifungwa na mkataba wake.

Hapa ndipo Kanada inapotuhusu, kwa maana Sheria ya Kulinda Walaji ya Kenya ya mwaka 2012 imefuata kwa karibu maneno ya sheria ya Ontario. Inabatilisha sharti la usuluhishi pale linapomzuia mlaji kutumia haki aliyopewa na sheria hiyo kwenda Mahakama Kuu. Nyuma yake ipo Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010. Mawakili wa Kenya wana silaha ambayo wenzao wa Marekani wanaiota, na ninawahimiza waitumie hata pale wapinzani wao wanaponyanyua Ibara ya 159 inayohimiza usuluhishi. Kuhimiza njia moja hakumpi mtu ruhusa ya kuifunga nyingine.

Kwa Tanzania tumechapa makala fupi inayofuatilia lalamiko la bando kutoka kwa mtoa huduma hadi kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na kuendelea hadi Baraza la Ushindani. Isomwe na kila mbunge. Njia hiyo ni halali na inafanya kazi, ila imejengwa kwa ajili ya mlalamikaji mmoja, na bando linalokatika kabla ya wakati halimkatikii mtu mmoja. Ninachodai ni kifungu kimoja cha sheria, kisichozidi mistari mitatu: kwamba sharti lolote katika mkataba wa huduma za mawasiliano linalomzuia mtumiaji kuungana na wengine kudai haki yake, kwa msuluhishi au mahakamani, ni batili. Kampuni zitabaki na wasuluhishi wao. Wateja watabaki na wenzao.