Sarafu za Kale na Mizani ya Sonara



Mwezi huu twapenda kusema na wazee wa nyumba, na khasa vijana watakaorithi makasha ya bibi zao, juu ya sarafu za kale. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000 za Marekani, na wakia ya fedha ikapita dola 50. Kila bei zipandapo namna hii makasha hufunguliwa, na vitu vilivyowekwa tangu zamani huchukuliwa kwa sonara. Si vibaya mtu kuuza mali yake anapokuwa na haja. Lakini na auze hali akijua auzacho. Sisi tuna sababu ya kulisema jambo hili, kwani tulipata kumpotezea mtu mali yake kwa ujinga wetu.

Mwaka 2011, fedha ilipokaribia dola 49 kwa wakia, mama mmoja mjane ambaye mwanawe alisoma chuoni kwetu alitujia baada ya sala ya alasiri na kitambaa kilichofungwa. Ndani mlikuwa na sarafu nane za bibi yake. Saba zilikuwa reale zenye sura ya malkia, na ya nane ilikuwa na maandishi ya Kiarabu matupu. Akasema, "Maalim, sonara ataka kuzipima zote pamoja. Nimpe?" Tulizitazama kidogo tu, tukamjibu, "Fedha ni fedha, mama. Uza, ulipe ada ya mtoto." Akaenda, akauza.

Baada ya miezi michache mzee mmoja apendaye kukusanya sarafu alituonyesha picha katika kitabu chake. Tuliitambua mara moja ile sarafu ya nane. Ilikuwa riyali ya fedha ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijra, ambayo wakusanyaji huitafuta na kuilipia zaidi sana kuliko fedha iliyomo. Tulikwenda mbio kwa sonara, naye alikuwa amekwisha ziyeyusha zote. Sonara hakupunja mizani, alilipa fedha kwa uzani wake. Waliokosa ni sisi, tuliojibu tusilolijua.

Katika lugha yetu neno fedha ni madini, na fedha ni pesa pia. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba sarafu ya fedha haina thamani ila ile ya madini yake. Kumbe sarafu ya kale ina thamani mbili. Ya kwanza ni ya madini, nayo hupimwa kwa mizani na hubadilika kila siku. Ya pili ni ya uadimu, yaani uchache wake na hali yake, nayo hutegemea wangapi waitaka na ngapi zimesalia.

Tuangalie ile reale ya Maria Theresa, waliyoijua sana wazee wetu wa pwani. Uzani wake ni gramu 28 na kidogo, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.4. Imeandikwa mwaka 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile katika miji mingi, kama Vienna, London, Roma na Bombay, na hata leo Vienna hupigwa. Basi mwaka ulioandikwa si umri wa sarafu. Kwa kuwa ziko nyingi, bei ya reale ya kawaida hufuata fedha kama kivuli kimfuatavyo mtu. Mwaka 2001 wakia ya fedha haikufika dola 5, na fedha iliyomo katika reale moja haikufika dola 4. Aprili 2011 fedha ileile ilikuwa na thamani ya dola 36. Reale haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni soko.

Sasa tuiweke mbele yetu sarafu nyingine iliyozaliwa katika nchi zetu. Mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanganyika walizibiwa njia ya bahari. Wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za rupia 15 zenye picha ya ndovu. Zilipigwa 16,198 tu. Dhahabu safi iliyomo haifiki hata gramu 5 na nusu, hali pauni ya dhahabu ya Kiingereza ina gramu 7.3. Lakini pauni zilipigwa kwa mamilioni, kwa hiyo pauni ya kawaida huuzwa kwa bei iliyo karibu na dhahabu yake, na ile ya ndovu, iliyo nyepesi zaidi, huuzwa kwa bei iliyo mbali sana juu ya dhahabu yake. Dhahabu ikipanda maradufu, pauni hupanda karibu vivyo hivyo. Sarafu ya Tabora haiendi hatua kwa hatua na dhahabu. Dhahabu ni sakafu yake tu, si dari yake.

Atakaye mfano mkubwa zaidi na atazame sarafu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933. Dhahabu yake haitimii wakia moja, na mwaka 2021 dhahabu hiyo haikufika dola 2,000. Lakini katika mwaka huohuo moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 18.

Tena iko hatari inayosahauliwa. Madini yakipanda mno, sarafu zilizo katikati, ambazo si adimu sana wala si za kawaida sana, huwa bei ya madini yake imeifikia bei ya wakusanyaji. Hapo hakuna tena anayezitazama. Zote hutiwa motoni. Mwaka 1918 Marekani ilitunga sheria, na chini ya sheria hiyo ziliyeyushwa dola za fedha zaidi ya milioni 270. Fedha nyingi katika hiyo ilipelekwa India kwa kupigia rupia, nazo rupia za India ndizo zilizokuwa zikitumika pwani yetu. Haikuandikwa ni dola za miaka gani zilizoyeyuka. Januari 1980 wakia ya fedha ilifika karibu dola 50, na watu wakapanga foleni kuuza sarafu na vijiko vya wazee wao. Machi bei ilianguka ghafula, lakini vilivyokwisha yeyuka havikurudi. Ndiyo maana hesabu ya sarafu zilizopigwa si hesabu ya zilizosalia, na bei ikishuka, yule aliyeificha moja aweza kujikuta ana kitu kilichokuwa adimu kuliko jana.

Basi yatupasa nini majumbani mwetu? Kwanza, usizisugue sarafu za kale kwa majivu na ndimu ili zing'are. Mkusanyaji huichukia iliyosuguliwa, na thamani ya pili hupungua. Wala usiitoboe wala kuitia kikuku cha kidani, kwani sarafu iliyotobolewa hurudi kwenye mizani ya sonara. Pili, zitenge moja moja, soma maandishi na mwaka wake, na uulize watu wawili wajuao kabla ya kuuza. Tatu, jihadhari na bandia, kwani bei ikipanda wadanganyifu nao huamka.

Nne, katika mirathi msigawanye sarafu kwa uzani peke yake. Ndugu mmoja akipata pauni na mwingine akapata ile ya ndovu, mizani itasema wa kwanza kazidishiwa, na soko litasema kinyume. Zithaminiwe kwanza, kisha zigawanywe. Tano, asiibadilishe mtu sarafu adimu ya fedha kwa bangili ya fedha iliyo nzito zaidi. Fedha kwa fedha ni sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Ziada ni riba. Auze kwa shilingi, kisha anunue kwa shilingi. Na zilizowekwa akiba zikifika nisabu, nayo ni kama gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, na mwaka ukatimia, zina zaka. Mwenye kuzifanyia biashara hutoa zaka kwa bei ya soko.

Na wewe uliye mjuzi, ukiletewa sarafu adimu na mjane asiyeijua, usiinunue kwa uzani ukanyamaza. Ujuzi wako ni amana.

Mama yule hatukumficha. Tulimwendea, tukamweleza yote na kumtaka radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ada ililipwa, Maalim, namshukuru Mungu. Lakini lau ungalisema hujui, ningaliuliza kwingine." Tangu siku hiyo, tuulizwapo tusilolijua, husema hatujui.