Hesabu Ina Kazi Wodini

Yeyote anayedai kwamba milinganyo haijawahi kumfaa mgonjwa wa VVU angejiuliza kwanza kwa nini mgonjwa huyo hapewi dawa moja pekee.

Mwaka 1995, timu za David Ho na George Shaw, zikiwa na wanahisabati Alan Perelson na Martin Nowak, zilipima kasi ya virusi kupungua katika damu baada ya dawa kuanza. Mwaka uliofuata hesabu ilionyesha kwamba mwili huzalisha virusi takriban bilioni 10 kila siku. Kwa wingi huo, kirusi cha kuishinda dawa moja hakikosekani. Cha kuzishinda tatu kwa mpigo ni adimu mno.

Ni kweli, mwaka 1997 ilikadiriwa kwamba tiba ya miaka 2 hadi 3 ingeweza kuvimaliza virusi, na haikuwa hivyo: vingine hujificha kwenye seli zilizolala. Lakini kosa hilo lilifichuliwa kwa kupima upya na kukokotoa upya, si kwa kuitupa hesabu. Daktari asiyejua kasi ya adui anabahatisha, na mgonjwa hastahili kubahatishwa.